Komeo la Karatasi ya Kaki

Kila alfajiri baba mkwe alipokwenda kunawa, aliwaruka mwanawe na mkwewe kwanza miguuni, akatulia kidogo, kisha akawaruka mabegani, maana godoro lilikuwa limelazwa kwa urefu wa korido na hapakuwa na njia nyingine ya kufika bafuni. Alikuwa mzee wa heshima zake, akikohoa kabla ya kila hatua. Nyuma yake alikuja wifi, mswaki mdomoni, akiruka kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Wa mwisho alikuwa mama mkwe, na yeye hakuruka. Alisimama na ndoo yake mkononi, akawatazama mwanawe na mkwewe walivyolala wamegeuziana migongo kama watu waliogombana, ingawa hawakuwa wamegombana, kisha akauliza swali lake la kila siku.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Bado, mama," mume alijibu, macho ameyafumba.

"Sasa mnangoja nini?" mama mkwe aliuliza, akasubiri wasogeze miguu, akapita.

Mke huyo, nyumba nzima ilimwita Bibi Harusi. Jina alipewa siku ya kwanza na likampendeza. Sasa alikuwa anaingia mwaka wa sita nalo, na hakuna aliyefikiria kulibadilisha. Si kwamba hawakupangiwa chumba. Chumba chao kilikuwepo, cha pili kushoto, kina dirisha la kutazama uani, ila kilikuwa kimejaa masinki. Kaka mkubwa wa mumewe aliuza masinki ya kunawia na vyoo vya kukalia, na juma la harusi aliomba ayaweke humo kwa siku chache tu, mpaka apate ghala. Masinki yaliuzwa, yakaja mengine, yakauzwa, yakaja mengine. Ghala lilikuwa linatafutwa bado, na shemeji aliulizia habari zake kwa bidii kila alipokumbushwa.

Bibi Harusi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mtu wa "karibu". Ukibisha popote alipo, hata mlango si wake, hata amelala, mdomo wake ulitoa "karibu" kabla kichwa hakijapata habari. Aliwahi kumkaribisha fundi wa umeme aliyekuwa anabisha nyumba ya jirani. Aliwahi kukaribisha hodi ya kwenye tamthilia ya redioni, na wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Ndivyo alivyolelewa na baba yake, fundi miavuli, ambaye kibanda chake hakikuwa na mlango kabisa.

Kazi yake ilikuwa kukunja. Kiwanda cha uchapaji kilimwajiri kwenye meza ndefu iliyo karibu na mashine kubwa, na hapo alipokea karatasi zilizochapwa pande mbili, akazikunja nusu, robo, thumni, akakaza kila mkunjo kwa kipande cha mfupa kilicholainika kwa kushikwa. Mikono yake ilikuwa na wepesi ambao wenzake waliuzoea kama watu wanavyozoea feni. Wakati wa mapumziko, wenzake wakinywa chai, yeye aliokota karatasi zilizoharibika na kukunja vitu vyake. Baba yake alimfundisha sharti moja kwa vitambaa vya miavuli, na yeye alilihamishia kwenye karatasi: kipande kimoja, cha mraba, hakuna mkasi, hakuna gundi.

Alianza na vyura. Vyura wa Bibi Harusi waliruka wakiambiwa ruka na kutulia wakiambiwa basi, lakini kwa sauti yake tu. Mchapaji mkuu alijaribu kuwaamrisha, wakamtazama. Baada ya vyura alikunja kasa, korongo, na ng'ombe mwenye chuchu zote, na mchoraji wa kiwanda akawapanga wote kwenye kitambaa cheusi, akawapiga picha kwa ajili ya kalenda ya mwaka. Ilikuwa kalenda nzuri. Wateja waliisifu, na korongo wa mwezi wa nne aligeuka upande mwingine kila mwezi ulipokwisha.

Lakini fundi akishaweza ng'ombe, mkono unamwasha. Bibi Harusi alitaka umbo gumu, umbo lenye ndani. Siku moja bango kubwa la tangazo lilichapwa kichwa chini, msimamizi akasema litupwe, na yeye akaomba alichukue. Alilifanyia kazi kwenye meza nzima, akakunja mikunjo ya bonde na mikunjo ya mlima, akarudisha pembe katikati, akazitoa tena, akaingiza upande ndani ya upande mwenzake. Ikapatikana kete ndogo inayoenea kiganjani. Akaitia kwenye pochi, akaenda nayo nyumbani.

Mwisho wa korido, kati ya bafu na stoo, palikuwa na ukuta mtupu wenye msumari wa kalenda. Bibi Harusi aliiweka ile kete chini ya msumari, akaivuta pembe mbili, na chumba kikafunguka. Kilikuwa na kuta nne, dari, dirisha na mlango. Hakikupunguza bafu wala stoo, na jirani upande wa pili hakupoteza hata inchi. Alipoulizwa alisema hajaona tofauti, labda upepo kidogo.

"Joto humu," Bibi Harusi alisema, na dirisha likajifungua.

Mama mkwe aliingia, akapitisha kidole ukutani kuangalia vumbi, akanusa wino.

"Kina hewa," alisema. "Umefanya vizuri, mwanangu."

Bibi Harusi na mumewe walitazamana. Mume alikuwa fundi redio, mtu mpole wa kupenda kwa vitendo, na hapo hapo aliinama kushika ncha ya godoro. Walilikunja, wakalibeba, wakageuka nalo kwenye kona ya korido, na walipofika mlangoni wakamkuta shemeji mkubwa anapanga masinki. Mzigo mpya ulikuwa umefika mchana ule ule. Alikuwa amevua shati na anahema.

"Siku chache tu," aliwaambia. "Nimeshaona ghala moja, bado funguo."

"Ni kaka yangu," mume alimnong'oneza mkewe. "Ngoja kwanza."

Wakalirudisha godoro. Usidhani Bibi Harusi alilia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya aina ya kukunja.

Chumba cha pili alikitoa kwenye karatasi za kalenda yake mwenyewe, chapa iliyoharibika kwa sababu mtu wa mashine alizidisha siku za mwezi wa pili. Kiwanda kililia, yeye akafurahi. Kilikuwa chumba cha kupendeza, mwezi wa kwanza mlangoni, wa saba dirishani, na kasa anatembea taratibu kwenye ukuta wa mwezi wa tisa. Alikifungua asubuhi kabla ya kwenda kazini ili wino ukauke. Aliporudi, wifi alikuwa ameingiza meza na vitabu vyake vya uuguzi. Wifi aligundua haraka kwamba ukikaa kwenye kona ya mwezi wa pili unapata tarehe thelathini na tarehe thelathini na moja, siku ambazo wanafunzi wenzake hawakuwa nazo, akazitumia zote kusoma mifupa ya mwili. Akafaulu kwa alama za juu.

"Wifi yangu, Mungu akulinde," alimwambia Bibi Harusi, akamkumbatia. "Ukikunja kingine, mnaingia nyinyi."

Cha tatu kilikuwa na ghorofa na baraza la juu. Baba mkwe alipanda kuangalia kama ngazi ni imara, akaona mandhari, akaomba aletewe redio yake. Cha nne mama mkwe alianikia nguo, kwa sababu dirisha lake lilielekea upande ambao jua lilikuwa halizami upesi. Cha tano kilikaliwa na vitanda vya watoto wa shemeji. Korido ilichangamka. Watu walipita na kupishana, kuta zilipumua, baraza lilitoa taarifa ya habari, na kila aliyetoka chumba chochote aliruka godoro la Bibi Harusi na mumewe kwa ustadi zaidi, kwa kuwa sasa waliliruka kutoka pande zote.

"Mjukuu wangu yuko wapi?" mama mkwe aliuliza alfajiri. "Nyumba yenyewe kubwa hivi."

Hapo ndipo Bibi Harusi alipotambua kosa lake, na alilitambua amelala chali, kisigino cha mtu kikipita juu ya pua. Vyumba vyake vyote vilikuwa na milango, lakini hakuna mlango hata mmoja uliokuwa na komeo. Hakuwahi kulifikiria. Mtoto wa kibanda kisicho na mlango angelifikiriaje? Mumewe alijaribu kusaidia, akaleta kitasa cha chuma na skrubu, akakifunga kwenye chumba kidogo cha majaribio. Skrubu ya kwanza ilipouma, ukuta ulichanika kutoka juu mpaka chini, na chumba kizima kikawa bango la sabuni lililochanika. Karatasi haikutaka chuma. Komeo lilibidi litoke kwenye karatasi ile ile, bila kukatwa, bila kubandikwa, na hilo ni umbo ambalo hata wakunjaji wakubwa hulikwepa.

Basi akalianza. Ugumu wake uko hivi: ulimi wa komeo lazima utoke katikati ya karatasi, siyo pembeni, upite kwenye tundu ambalo nalo ni mkunjo, kisha ujishike. Katikati ya karatasi ndipo mikunjo yote inapokutana, na hapo karatasi inachoka, inakuwa nene, inapasuka. Komeo la kwanza lilizuia upepo lakini halikuzuia mlango. La pili lilifunga vizuri mno, tena upande usio wake, likawafungia watu wote wa nyumba nje ya korido mpaka ukingo wa mlango ulipolowa kwa mvuke wa bafuni. La tatu liligeuka panzi.

Panzi ni jambo la kawaida kwenye kazi hiyo. Komeo na panzi wanaanza na mikunjo ile ile, na ukikosea kidogo tu kwenye paja, karatasi inaamua yenyewe. Bibi Harusi alikosea paja mara nyingi. Panzi wakajaa kwenye mapazia, kwenye kabati la vyombo, kwenye masinki, ambako walipenda ubaridi wake. Mama mkwe aliwakung'uta kila alipoanua nguo. Watoto wa shemeji waliwafunga nyuzi. Hakuna aliyewalalamikia, ila baba mkwe alisema mmoja alimbadilishia stesheni wakati wa mpira.

Wiki zile Bibi Harusi aliishi na furaha ya ajabu iliyomkalia kifuani kama chafya isiyotoka. Alikunja tiketi za basi, makaratasi ya peremende, maganda ya vitunguu. Kazini alikunja kurasa za kitabu cha hesabu akajikuta zote zina ndimi. Mumewe alimkuta jikoni anacheka peke yake mbele ya mraba wa karatasi.

"Nini?"

"Limekaribia. Lilishika, halafu likaachia. Lakini lilishika!"

"Ngapi zimebaki?"

"Za nini?"

"Karatasi."

"Zimekwisha," Bibi Harusi alisema, akacheka tena, na mumewe naye akacheka bila kujua anachekea nini, kwa kuwa alimpenda.

Lililomfungua macho lilikuwa mvua. Alikuwa anatoka kazini, akafungua mwavuli wake wa zamani, mwavuli aliotengenezewa na baba yake, ukalia ta! na kushika. Akasimama pale pale barabarani, akaufunga. Akaufungua. Ta! Akaufunga. Watu walimpita wakilowa, wakamwona mwanamke mzima anafungua na kufunga mwavuli huku anamwagikiwa na maji yote, uso unameremeta. Kwenye fimbo ya kila mwavuli kuna kijiulimi kinachochomoza na kuzama kikibonyezwa, ndicho kinachoushika usijifunge. Hakitoki pembeni. Kinatoka ndani. Alikuwa ametengeneza mamia ya vijiulimi hivyo akiwa na meno ya utotoni, na hakuwahi hata mara moja kuviita makomeo.

Karatasi alijua ipi. Mabunda ya kiwandani yalifika yamefungwa kwa karatasi ya kaki, ngumu, yenye nyuzi, isiyo na herufi hata moja. Msimamizi alimpa ganda la bunda zima. Alililowesha kwa kitambaa, akalikunja likiwa bado na unyevu ili lisichoke, akaacha likauke chini ya uzito wa kamusi. Mkunjo wa mwisho aliufanya Jumamosi, saa ya kutoka kazini, wenzake wamemzunguka na vikombe vyao. Alibonyeza kwa ncha ya mfupa. Kijiulimi kikazama, kikachomoza.

"Ta," alisema mchapaji mkuu kwa heshima.

Chumba cha kaki kilifunguka mwisho wa korido, jirani na cha kalenda. Kilikuwa kidogo, godoro moja na stuli moja, rangi ya chai ya maziwa. Mchana ule mama mkwe alikuwa uani, shemeji dukani, wifi chuoni, mzee barazani na mpira wake. Mume na mke walibeba godoro bila kuzungumza. Safari hii hapakuwa na sinki mlangoni. Wakaingia. Bibi Harusi akausukuma mlango kwa kidole kimoja.

Ta.

Walisimama wakausikiliza ukimya. Mume alijaribu mlango, kwanza kwa adabu, kisha kwa bega. Haukutikisika.

"Umefunga," alinong'ona.

"Umefunga," alinong'ona mkewe.

"Mbona tunanong'ona?"

"Sijui."

"UMEFUNGA," mume alisema kwa sauti, akashtuka, kwa sababu miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsemesha mkewe kwa sauti hiyo wakiwa wamelala wala wamesimama. Bibi Harusi alimjibu kwa sauti vile vile. Wakarukaruka juu ya godoro wakishikana mikono, dari ikipanda na kushuka juu ya vichwa vyao kwa kuwa karatasi ya kaki ina unyumbufu wake. Mume aliimba wimbo wa matangazo ya betri. Mke alilala chali katikati kabisa, akatanua mikono, akatanua miguu, akashangaa jinsi alivyo mrefu. Hakuwahi kujipima. Alikuwa na furaha kiasi kwamba meno yalimuuma.

"Njoo hapa, mume wangu," alisema.

"Nakuja," alisema mume, akaketi kwenye stuli kuvua viatu, kwa utulivu, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliye chumbani kwake.

Huko nje sauti zilikusanyika. Walimsikia mama mkwe anauliza godoro la korido limekwenda wapi, na mmoja wa watoto akasema limeingia kwenye chumba cha chai. Walimsikia mama mkwe anasukuma mlango, anasukuma tena.

"Una komeo," mama mkwe alisema, kwa sauti ya mtu anayeona chungu kipya. "Vizuri. Vya kufungika ndivyo vilivyokuwa vinakosekana hapa."

Nyayo zake zikaondoka. Wakangoja. Hakurudi. Bibi Harusi alimtazama mumewe, naye alikuwa amebakiwa na soksi moja, na wote wawili walielewa kwamba imewezekana, kwamba ndiyo hiyo, kwamba mambo makubwa kumbe huisha kimya kimya hivi. Mume aliitupa hewani soksi aliyoivua. Ilikuwa bado haijatua.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

"Karibu," alisema Bibi Harusi.

Komeo lake lilikuwa komeo zuri. Lilikuwa limekunjwa na mikono ile ile iliyokunja vyura, na lilisikia sauti yake, na lilijua maana ya neno hilo vizuri kama alivyolijua aliyelikunja. Kijiulimi kikazama. Mlango ukafunguka mpaka mwisho.

Alikuwa shangazi wa mume, dada yake baba mkwe, aliyefika muda ule kutoka safarini kwa ajili ya matibabu ya magoti. Alikuwa na mabegi mawili, beseni, na mto wake mwenyewe. Bibi Harusi alikuwa bado amejitanua godoroni, mkono mmoja juu ya mdomo wake, kama unaweza kulirudisha neno kwa kuliziba njia.

"Karibu sana, Shangazi," alisema mume, akasimama na mguu mmoja mtupu, akapokea mabegi.

Na yeye mlaumu ukitaka. Mimi simlaumu sana, mabegi yalikuwa mazito na yule mama alikuwa anachechemea.

Shangazi aliketi kwenye stuli, akapumua, akatazama kuta. Alisifu rangi. Mama mkwe alifika nyuma yake na maji ya kunywa, akaeleza kwamba chumba hiki ndicho kinachomfaa, maana wenye magoti hawawezi kuruka watu kwenda bafuni, na hiki kipo jirani na bafu, na tena kinafungika, mgonjwa anataka utulivu. Ni siku chache tu. Alilisema lote hilo kwa upendo, na upendo huo ulikuwa wa kweli, hilo ndilo lililokuwa gumu. Alimshika Bibi Harusi shavu.

"Wewe mikono yako ina baraka," alimwambia. "Kingine utakikunja lini?"

"Nitakunja, mama," alisema Bibi Harusi.

Godoro lilibaki na Shangazi, kwa sababu ya magoti. Bibi Harusi na mumewe walitandika mkeka koridoni, mahali pao, na jioni baada ya chakula wakaketi hapo, migongo ukutani. Panzi mmoja alikuja akatua kwenye goti la mume. Ndani ya chumba cha kaki walimsikia Shangazi anaweka beseni chini, anausukuma mlango kwa kidole.

Ta.

Bibi Harusi aliinua kichwa. Sauti ilikuwa safi, haina mkwaruzo, haina kusitasita. Akaanza kucheka. Alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, kisha akalala kwenye mkeka na machozi yanamtiririkia masikioni, na hakujua, wala hangeweza kukwambia, ni kiasi gani cha machozi hayo kilikuwa cha kicheko.

"Unacheka nini?" mume aliuliza.

"Sikia lilivyofunga."

"Limefunga kweli."

"Halina kasoro. Hata moja."

Alipotulia alikumbuka kwamba mto wao ulibaki ndani. Akanyanyuka, akabisha kwa kifundo cha kidole, taratibu, karatasi isiumie.

"Hodi, Shangazi."

Akabisha tena.

"Hodi."

"Nimeshajinyoosha, mwanangu," ilisema sauti ya Shangazi. "Njoo asubuhi."

Bibi Harusi alisimama pale na kifundo kimeinuliwa bado. Hakuwahi kujua kwamba linaweza kufanyika. Kwamba mtu anaweza kusikia hodi, akaielewa, akalala zake, na dari isianguke. Dari haikuanguka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeikunja.

"Lakini komeo si linakusikia wewe?" mume alisema kutoka mkekani. "Sema karibu tu, litafunguka."

Alifikiri. Alifungua mdomo, neno likaja mpaka kwenye ulimi, likakaa hapo, tayari kabisa.

"Nitajikaribishaje mwenyewe," alisema, "kwenye chumba chenye mgeni?"

Mume alilipima hilo, akakubali kwamba ingekuwa utovu wa adabu. Akakunja shati lake likawa mto, akampa. Alikunja vibaya, na Bibi Harusi alilikunjua, akalikunja upya, pembe kwa pembe, akalikaza kwa kucha.

Mama mkwe alikuja na ndoo. Alisimama juu yao, akatazama mlango wa kaki uliofungwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akawatazama wao.

"Na mjukuu wangu?" aliuliza.

"Bado, mama," alisema mume.

Wakasogeza miguu, akapita.